Makabati ya jikoni ya mwaka 1978: rangi mpya, milango mipya, au yang'olewe yote? (Tanga)

Mpwapwani (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam.

Ninaleta suala la nyumbani ambalo limenikalia kichwani kwa miezi mitatu, nikiamini kwamba humu hawakosekani mafundi wala watu waliokwisha kulipitia. Nyumba ni ya mama yangu, ipo Chumbageni hapa Tanga mjini, na marehemu baba aliimaliza mwaka 1978. Jikoni kuna makabati ya ukutani yenye milango minane na ya chini yenye milango sita, na yote yamepakwa rangi nyeupe ya mafuta ambayo sasa imeingia umanjano wa samli. Mama anasema ameyachoka. Wadogo zangu wawili walioko Dar es Salaam wanataka yang'olewe yote na kuwekwa ya kisasa kabla ya harusi ya Desemba, kwa kuwa wageni watafikia hapo. Mimi nilikuwa na wazo la kupiga msasa, kupaka rangi mpya na kubadilisha vishikio, kazi ya siku nne, tukamaliza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na swali la rangi. Nilikwenda dukani, nikachagua kijivu kilichopoa, nikapiga msasa mlango mmoja harakaharaka na kuupaka mikono miwili. Ulipendeza kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mama aliushika akiwa na mkono uliolowa, akavuta, na rangi ikamfuata kwenye ukucha kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nilipochunguza nikaona chini yake kuna utando wa mafuta: jiko hili limekaangiwa samaki na maandazi kwa zaidi ya miaka 40, nami badala ya kuyaosha mafuta hayo kwanza nilikuwa nimeyasugua kwa msasa hadi yakasambaa na kuzama zaidi.

Ndipo nikaamua kuufungua mlango wa chini ya sinki ili niukague kwa utulivu. Skrubu zilikuwa zimeliwa na kutu hadi bisibisi haikupata pa kushika, na bawaba ya chini ilibaki mkononi mwangu ikiwa imeng'ang'ania kipande cha ubao. Nilikiminya kipande hicho kwa vidole viwili, kikamomonyoka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Haikuwa mbao. Ilikuwa chipubodi, yaani punje za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ikafunikwa kwa fomaika, ule utando mgumu wa plastiki, na kupakwa rangi ileile ya makabati ya juu. Nikapanda kwenye kiti, nikakwangua nyuma ya bawaba ya kabati la ukutani kwa ncha ya kisu, na huko nikakutana na mbao ya kahawia yenye mng'aro wa asali, ngumu kiasi kwamba kisu kiliteleza. Mvule mtupu. Rangi ilikuwa imeyafanya makabati yote yaonekane ndugu wa tumbo moja, kumbe yalikuwa wapangaji tu wa chumba kimoja.

Mama alipoulizwa alikumbuka kwamba mwaka 2006 ya chini yalioza, akaja fundi mmoja aliyeahidi kurudishia mbao ileile. Hakurudishia, na rangi ikamsitiri miaka yote hiyo. Simtaji, wala sina haja naye tena.

Kuna jambo dogo linalonifanya nisite zaidi. Ndani ya mlango mmoja wa kabati la ukutani mama ameandika kwa penseli tarehe ya kila mtungi wa gesi alioufunga tangu mwaka 1996, safu tatu za tarehe zilizonyooka kama daftari la duka, na kwa kuzitazama anajua mtungi wa kilo 15 umemchukua siku ngapi na kama safari hii amepunjwa. Wadogo zangu wanasema nipige picha ya simu, yaishe.

Kwa hiyo swali langu si tena la rangi gani. Naomba ushauri wa namna ya kuivua rangi ya zamani kwenye mvule bila kuuharibu, cha kufanya na makabati ya chini, na kama ni busara kuweka meza ya granaiti kama wanavyotaka wadogo zangu.

Seremala wa Barabara ya 12

Mleta uzi, umefanya vyema kukwangua kabla ya kung'oa. Nachonga hapa Ngamiani kwa miaka mingi na nimeshaitwa zaidi ya mara moja kupiga hesabu ya makabati mapya huku mvule wa zamani umekwisha kutupwa uani, umenyeshewa, na watoto wanaurukia.

Kiini cha mvule hakiliwi na mchwa kirahisi wala hakibunguliwi, na ndiyo sababu ya juu yamesimama. Lakini usiridhike na mlango mmoja. Ile sehemu nyeupe ya pembeni ya gogo, iliyo karibu na gamba, haina kinga hiyo hata kama mti ni mvule, na mafundi wa zamani wakati mwingine waliiacha kwenye ukingo wa fremu ili kuokoa mbao. Shika bisibisi kwa upande wa chuma, gonga kwa mpini kila mlango na kila ubao wa pembeni, usikilize. Penye uzima hutoa mlio mfupi uliojaa, na penye tupu hulia kama debe. Kisha tazama matundu: yakiwa madogo kama ya pini na yanatoa unga laini kama wa ngano, hao ni wadudu wanaobungua, na inatosha kukata sehemu ile na kutia kiraka. Ukiona vijia vya udongo vinapanda ukutani nyuma ya kabati, huyo ni mchwa, na kabati si tatizo lako la kwanza tena, tatizo ni nyumba.

Milango yako, kwa namna ulivyoieleza, nadhani ni ya fremu yenye ubao wa katikati uliokaa ndani ya mfereji. Ubao huo haukutiwa gundi, na haukusahauliwa. Umeachwa ucheze, kwa sababu hapa pwani mbao hunywa unyevu wakati wa masika na vuli ikatanuka, kisha hujikausha ikanywea. Fundi kijana akiona unacheza huukamata kwa gundi au misumari, na ukifika msimu wa kiangazi ubao unapasuka katikati. Uache ucheze. Ila kabla ya kuurudishia fremu, pake ubao wote hadi kwenye kingo zinazoingia mferejini, la sivyo utakaponywea utaona mstari wa mbao isiyopakwa kila upande.

Osha kabla ya msasa, hilo umekwisha kulilipia ada. Maji ya moto na sabuni ya vyombo yanatosha kwa mafuta ya kawaida. Penye mafuta yaliyoganda, magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya moto hukata vizuri, lakini yatumie juu ya rangi tu na uyasuuze, kwa sababu magadi yakigusa mvule ulio wazi huutia weusi.

Kuhusu ya chini, chipubodi iliyolowa hairudi. Haina dawa, haina fila, wala usimsikilize mtu atakayekwambia ikaushwe juani. Na kabla ya kujenga mengine jiulize maji yalitoka wapi. Wengi hulaumu sinki. Mimi nikifungua makabati ya namna hii, mara nyingi ninakuta yameoza kutoka sakafuni kwenda juu, kwa sababu sisi tunadeki kwa ndoo ya maji na kuyasukuma hadi pembeni, na ubao unaogusa sakafu unakunywa kila asubuhi. Tazama uozo umepanda hadi wapi. Ukiwa sawasawa kwa urefu wote wa makabati, ni deki. Ukiwa chini ya sinki peke yake, ni bomba.

Granaiti ina uzito ambao watu hawaupigii hesabu. Ikiwa na unene wa milimita 20, mita moja ya mraba ni takriban kilo 54. Meza yenye urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 60 ni mita za mraba 1.8, yaani karibu kilo 100, sawa na mifuko miwili ya saruji iliyolazwa juu ya makabati siku zote. Juu ya chipubodi iliyooza nisingeweka hata mfuko mmoja.

Mtoto wa Pongwe

Kwa heshima zote, naona mnazunguka. Alumini ipo, haioti kutu nyekundu, mchwa hali, maji hayaivimbishi, na fundi anaifunga kwa siku mbili. Mama anapangusa kwa kitambaa tu. Mbao katika jiko la pwani ni kujitafutia kazi.

Seremala wa Barabara ya 12

Mtoto wa Pongwe, sikatai, lakini muulize fundi wako zile nafasi kati ya fremu za alumini anazijaza kwa kitu gani. Akijaza kwa kioo, sawa. Akijaza kwa ubao ulioshindiliwa wenye karatasi ya urembo juu, umerudi kulekule kwenye chipubodi ya mleta uzi, umeivisha koti tu. Na hewa ya chumvi huigusa alumini vilevile: inatoa vidonda vyeupe vya unga kwenye maungio, hasa penye skrubu za chuma cha kawaida.

Mgosi Mtaratibu

Wadogo wa mleta uzi wakiletewa yale makabati ya MDF yanayong'aa kama kioo cha gari, watafurahi siku ya harusi. MDF ni nyuzi za mbao na gundi, na ukingo wake ukishapata mpasuko mdogo karibu na sinki, huvimba na kufura kama andazi na haurudi tena. Hapa kwetu Tanga yana jina lake tayari: waja leo, waondoka leo.

BintiKaole

Asalaam aleikum. Nipo Bagamoyo, na nilipitia jambo hili katika nyumba ya shangazi yangu. Nina mambo mawili ambayo kaka zangu hawajayagusa, na la kwanza ni zito kuliko uzuri wa jiko.

Rangi za mafuta za miaka hiyo nyingi zilitiwa risasi, yaani madini ya risasi, ili zikauke haraka na zidumu. Marekani waliipiga marufuku katika rangi za majumbani mwaka 1978, mwaka uleule ambao nyumba ya mama ilikamilika, lakini katika nchi nyingi rangi hizo ziliendelea kuuzwa kwa miaka mingi baada ya hapo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na mimba, kwa sababu risasi huathiri ubongo unaokua. Rangi ikiwa nzima ukutani au mlangoni, imeshika vizuri na hakuna mtoto anayeitafuna, haimdhuru mtu. Hatari inaanza siku unapoipiga msasa mkavu ndani ya nyumba na vumbi lake likatua kwenye sufuria, kwenye unga, na sakafuni anapotambaa mjukuu. Kaka Mpwapwani, ule mlango wako wa kwanza uliupigia msasa wapi?

Kwa kuwa huwezi kujua kwa macho kama ina risasi, ichukulie kuwa inayo. Ifanyie kazi nje, tandika nailoni chini, tumia dawa ya kuondolea rangi au msasa wa maji huku ubao umelowa, funga pua na mdomo kwa barakoa nzuri, kisha pangusa kwa kitambaa kilicholowa wala usifagie kwa ufagio. Usikubali fundi atumie moto kuibabua, kwani moshi wake ni mbaya kuliko vumbi. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

La pili ni msimu. Sisi tulipaka mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimeshika. Rangi ya mafuta ilionekana imekauka kesho yake, tukarudisha milango, tukaifunga. Asubuhi iliyofuata shangazi alipofungua kabati la vikombe alisikia mlio kama wa kuchana karatasi, na ukingo wote wa rangi ukabaki kwenye fremu. Kukauka kwa kugusa si kukomaa. Rangi ya mafuta inahitaji wiki kadhaa ili iwe ngumu kweli, na katika unyevu wa masika inahitaji zaidi. Ungoje jua.

Kwenye makabati ya chini nitatofautiana kidogo na wale watakaokushauri ujenge kwa tofali. Tofali halihamishiki. Sisi tulijenga, bomba la nyuma likavuja ndani ya ukuta, tukabomoa marumaru mpya ili tulifikie. Plaiwudi inayostahimili maji, ikisimama juu ya miguu ya plastiki ya kurekebisha urefu, inaacha nafasi ya kudekia chini na siku ya matatizo unaisogeza. Na bawaba nunua za chuma kisichoshika kutu, hata kama ni ghali. Tulianza na za bei nafuu, na kabla mwaka haujaisha zilikuwa zimelia machozi ya kahawia kwenye rangi nyeupe.

Mpwapwani (mleta uzi)

Dada BintiKaole, nimesoma swali lako nikanyamaza kwa muda. Mlango ule niliupigia msasa palepale jikoni, juu ya meza ya kulia. Nimeshaosha meza na sakafu kwa maji na kuvipangusa vyombo vyote, na mtoto wa dada yangu anayekuja mwisho wa juma atabaki upande wa barazani hadi kazi iishe. Nashukuru sana.

Fundi wa Barabara ya 12, nimegonga kama ulivyoelekeza. Milango saba ya juu imejaa. Mmoja, ule wa mwisho karibu na dirisha, una ukanda mweupe wa upana wa vidole viwili unaolia debe na kutoa unga. Hakuna vijia vya udongo. Na uozo wa chini umepanda sentimita 12 hivi kwa urefu wote, hata kwenye kabati lililo mbali kabisa na sinki. Ni deki. Nilimweleza mama kwa uangalifu, maana deki ni yake. Aliniangalia, akasema, "Mwanangu, sakafu itadekiwa. Kabati ndilo litakalojifunza."

Naomba nifafanuliwe hesabu ya plaiwudi, na urefu wa meza pia, kwa sababu iliyopo ina sentimita 92 na mama amekuwa akikata kachumbari mabega yakiwa juu miaka yote, nami sikuwahi kuligundua hilo.

Seremala wa Barabara ya 12

Urefu hauchukuliwi kitabuni. Mwambie mama asimame wima bila viatu, akunje mkono, upime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, kisha utoe kati ya sentimita 10 na 15. Hapo ndipo meza yake ilipo.

Karatasi moja ya plaiwudi ni futi 8 kwa 4, yaani milimita 2440 kwa 1220. Milango ya chini ikiwa na upana wa sentimita 40 na kimo cha 70, unapata mitatu kwa upana na mitatu kwa urefu, tisa kwa jumla, na msumeno unabakiwa na nafasi yake. Milango yako ni sita, kwa hiyo karatasi moja yenye unene wa milimita 18 inatosha, na masalio yanafanya droo. Hakikisha mistari ya mbao inasimama wima katika milango yote, asije fundi akageuza miwili ili kubana karatasi. Ikishapakwa rangi huoni, lakini ikipakwa vanishi kila mgeni ataona.

Kuhusu tofali na miguu ya plastiki, Dada wa Bagamoyo ana hoja na mimi nina yangu. Katika nyumba ambayo mwenyewe ametangaza kwamba deki haibadiliki, najenga kuta nyembamba za tofali la inchi 4 kutoka sakafuni, navisha marumaru safu mbili kutoka chini, na juu namwaga zege jembamba. Hapo hata granaiti nitaibeba. Ila sehemu ya nyuma ya sinki siifungi kabisa, naiacha na ubao wa skrubu nne unaofunguka, ili bomba lifikiwe bila nyundo.

Ule mlango wenye ukanda mweupe usiutupe. Kata ukanda, gundisha kipande kipya cha kiini cha mvule. Kitaonekana cha njano mno mwanzoni na utadhani fundi amekosea mti, lakini mvule mpya ni wa njano, na mwanga huugeuza kahawia kadiri siku zinavyokwenda. Vumbi lake linawasha pua na ngozi, kwa hiyo barakoa aliyokwambia Dada usiivue ukifika kwenye mbao.

Mpwapwani (mleta uzi)

Ninarudi na mrejesho baada ya wiki tisa, kwa kuwa nachukia nyuzi zinazoachwa hewani.

Kiwiko cha mama kipo sentimita 100, na meza sasa ina 88. Makabati ya chini yameondoka yote. Kuta za tofali zimejengwa, juu pamemwagwa zege na kuwekwa marumaru. Granaiti tumeiacha, na si kwa sababu ya uzito: mama aliigusa dukani akasema inampa baridi ya makaburi, na mjadala ukafungwa. Nyuma ya sinki kuna ubao wa skrubu nne. Milango sita ya plaiwudi imepakwa rangi ya kijani iliyofifia, mikono mitatu myembamba juu ya praima, na tuliiacha imelala barazani kwa siku 20 kabla ya kuifunga. Wadogo zangu walipiga simu kila jioni kuuliza kwa nini haijafungwa.

Ya juu ndiyo yaliyonifundisha subira. Kila mlango niliutia namba kwa ncha ya msumari mahali bawaba inapokaa, ili namba isipotee chini ya dawa na kila mmoja urudi kwenye tundu lake la zamani. Nilifanyia kazi chini ya mwembe, juu ya nailoni. Unapaka dawa, unangoja rangi ijikunje kama jani lililoanguka kwenye makaa, kisha unaikwangua taratibu kwa kufuata mistari ya mbao. Chini ya nyeupe ilitoka buluu ya bahari ambayo sikuikumbuka kabisa, na chini ya buluu vanishi ya kwanza, nyekundunyekundu. Mama alikuwa ameketi karibu akichambua mchele. Alipoiona buluu alisema ilipakwa mwaka niliozaliwa mimi, kwa sababu baba alipata kopo kwa bei ya chini bandarini, akaona haya kulirudisha.

Mlango wa dirishani umepata ukanda wake mpya, na ni kweli, ni wa njano kama embe bivu kando ya wenzake. Kila anayeingia anauliza. Tunamwambia angoje.

Mlango wa tarehe za gesi nimeuvua rangi upande wa nje peke yake. Upande wa ndani rangi ni nzima, haikubanduka popote, kwa hiyo kwa maneno ya BintiKaole haina ubaya ikiachwa. Nimeupangusa tu kwa kitambaa kilicholowa, nikizunguka maandishi. Sikutia vanishi juu yake kwa sababu penseli haishiki vizuri kwenye vanishi. Jana mtungi ulibadilishwa. Mama aliandika tarehe chini ya ile ya mwisho, akafunga mlango, akaufungua tena kusikiliza bawaba mpya, kisha akaniambia kwamba droo ya tatu inakwaruza upande wa kushoto na kwamba niilete randa kabla sijaondoka.